Jinsi Tulivyogawana Gari la Fundi Lusekelo

Nianze kwa kusema wazi, na anayebisha aje nyumbani tubishane ana kwa ana: mimi sina wivu. Nchi yetu yote haina wivu. Tunayo Wizara ya Usawa wa Roho, yenye waziri mmoja, manaibu wanne na jengo la ghorofa kumi na moja, ambayo kazi yake ni kuhakikisha hakuna mwananchi anayetembea na donge kifuani kwa sababu ya kitu cha mwenzake. Jina la nchi sitalitaja. Ni jina zuri mno, na majirani zetu wakilisikia wataanza maneno.

Kwetu, ukiona mwenzako kapata kitu na roho ikakuuma, humsengenyi wala hutafuti mganga kama walivyofanya wazee wetu waliokosa utaratibu. Unakwenda ofisi ya kata, unachukua Fomu ya Kwa Nini, unaijaza nakala tatu. Sehemu ya kwanza jina lako, ya pili jina lake, ya tatu kitu chenyewe. Ya nne ni mstari mmoja ambao serikali imekuanzia, "Kwa nini yeye", na wewe unamalizia kwa uchungu wako. Baada ya hapo kitu cha mwenzako kinapunguzwa kidogo kidogo mpaka donge lako liyeyuke. Ndivyo Bi Nyamizi wa mtaa wa nyuma alivyobanduliwa mabati sita, na ndivyo Mzee Kiloto alivyonyolewa ndevu za upande wa kulia, zile zilizokuwa zimenona. Hakuna aliyeonewa. Wote wawili walipewa barua ya pongezi.

Mimi naitwa Shomvi. Ni karani wa bohari ya vipuri ya serikali, mwaka wa ishirini na nane huu. Vipuri vyote vya nchi hii vimepita mkononi mwangu, nikaviandika, nikavipanga, na vilivyokufa nikavitupa. Nayasema haya mapema ili msije mkafikiri alalamikaye ni mtu asiyejua mambo ya magari.

*

Asubuhi moja ya Jumatatu nilikuwa nje napiga mswaki, povu mdomoni, gari likapita mbele yangu bila sauti. Nasema bila sauti! Nilisikia kokoto tu chini ya matairi, na nyuma yake likaacha harufu ya chipsi. Lilikuwa gari refu la wazi nyuma, lenye mabenchi mawili, mlango mmoja wa bluu na mwingine mweupe, na boneti iliyotoka kwenye gari jingine kabisa. Kwenye usukani amekaa jirani yangu Fundi Lusekelo, mtengeneza redio na pasi, kaushika kwa vidole viwili. Viwili!

Mke wangu, Mama Salha, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Fundi! Umemaliza? Hongera jamani, hongera!"

Ninaye mwanamke huyu miaka kumi na tisa. Sauti ile ya hongera sikuwahi kuisikia, hata siku nilipopandishwa cheo kutoka Karani Daraja la Nne hadi Karani Daraja la Nne Mwandamizi.

"Karibu uone, jirani," Fundi akaniita. Nikatema povu, nikaenda, maana mimi sina kinyongo na mtu.

Akafungua boneti. Gari lilikuwa na injini mbili. Moja mota ya umeme, nyingine injini ndogo inayokunywa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, yale yanayobaki kwenye karai la mkewe, Mama Tumpe, muuza chipsi wa pale kona.

"Zinasaidiana," akasema Fundi. "Umeme ndio unaoliondoa gari, hii ndogo peke yake haiwezi. Kwenye mlima zinasukuma zote mbili. Mteremko ndio raha yake, jirani. Nikikanyaga breki, linajichaji."

"Linajichaji kwa breki?"

"Kwa breki."

Mimi nimekanyaga breki za pikipiki ya ofisi miaka ishirini na nane, sijawahi kupata kitu.

"Na betri?" nikauliza. Akainua benchi. Chini yake zilijipanga seli ndogo ndogo, nene kama kidole gumba, safu baada ya safu, zimefungwa vizuri kwa waya wa shaba.

"Mia nne na kumi na mbili," akasema. "Za kompyuta mbovu."

"Umezinunua wapi?"

"Kuzinunua? Si jalalani kwenu, jirani, nyuma ya bohari! Mlisema zimekufa. Nikazipima moja moja, imenichukua miaka mitano. Nyingi zilikuwa zimechoka tu."

Hakusema kwa kuringa. Angeringa ingekuwa afadhali, ningepata pa kumshikia. Zile seli nilizitupa mimi, kwa mkono huu, nikatia sahihi kwenye daftari, nikaenda kunywa chai. Hapo hapo nikasikia kitu kimekaa kooni, na hakikushuka.

Sasa sikilizeni alichotaka kulifanyia. Sokoni kwetu ni juu ya Mlima Kitonto, kila Jumamosi. Hakuna gari linalopanda huko, kwa sababu mafuta ya nchi yanatengewa misafara ya waheshimiwa kwanza, na misafara ni mingi. Wanawake wa kata wanapanda kwa miguu, mizigo kichwani, mwendo wa saa tatu kwenda tu. Mama Salha hupanda na ndoo ya dagaa. Fundi alikuwa amekusudia kuwapandisha wote kwa zamu.

"Jumamosi nami nimo," akasema mke wangu. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na hayakuwa yananitazama mimi.

Saa mbili asubuhi nilikuwa ofisi ya kata. Kwenye sehemu ya nne nikaandika: "Kwa nini yeye, wakati seli nilizitupa mimi?"

*

Afisa Usawa wa Kata ni Bwana Mnyampala, mtu mnene mwenye suti ya kaki na mkoba wa mawe ya mizani. Akaja nyumbani kwangu kupima donge.

"Kwa mamlaka niliyopewa na kifungu cha tisa," akasema, "fungua mdomo, mtaje mlalamikiwa, halafu umeze mate."

Nikasema, "Lusekelo," nikameza. Akanibonyeza koo kwa dole gumba la kulia huku dole la kushoto likibonyeza mawe ya mizani, moja baada ya jingine, akilinganisha.

"Kilo moja na robo! Bwana Shomvi, unateseka hivi na umekaa kimya? Taifa lingekupoteza."

Wallahi nilikaribia kulia. Hakuna aliyewahi kunijali namna ile.

Upunguzaji wa kwanza ulihusu ukimya. Bwana Mnyampala alitoa uamuzi kwamba gari lisilopiga kelele linayadharau magari ya serikali, ambayo yanajitahidi sana. Fundi akaamriwa afunge makopo kumi na mawili ya maziwa nyuma, yaburutwe. Akafunga. Ikawa sasa gari likitoka tu, kata nzima inasikia, watu wanaacha kazi wanakimbilia barabarani kulipungia mikono. Donge langu likapanda hadi kilo moja na nusu.

Upunguzaji wa pili ulihusu harufu. Mtaalamu aliletwa kutoka makao makuu, akanusa siku mbili, akaandika kwamba harufu ya chipsi pasipo na chipsi ni kuwahadaa wananchi. Fundi akaamriwa kwamba yeyote atakayeinusa apewe chipsi. Nilidhani hapo nimemweza. Kumbe Mama Tumpe akaketi nyuma ya gari na beseni, linapita wanagawa vijikaratasi vya chipsi vichache vichache, na watu wakizionja wanamfuata kona kununua sahani nzima! Bwana Mnyampala mwenyewe alinusa mara nne kwa siku moja, kwa ajili ya ukaguzi.

Jumamosi ikafika. Mama Salha akaondoka kwenye gari saa moja, ndoo miguuni. Saa tano alikwisha rudi, dagaa wameisha, na alikuwa anaimba. Akaosha vyombo akiimba, akachambua mchele akiimba. Nikamwambia ninaumwa kichwa.

"Pole," akasema, akaendelea kuimba kwa sauti ya chini.

Donge likawa kilo mbili kamili. Bwana Mnyampala akavua kofia, akaniambia jambo hili limepita uwezo wa kata na atalipeleka kwa Mheshimiwa Waziri.

*

Jioni ile Fundi alikuja kwenye uzio wetu. Alikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko.

"Jirani, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Nimeambiwa Waziri anakuja. Nimekaa miaka mitano na gari lile, Baba Salha. Mitano. Wakilichukua sitaweza kuanza tena, macho yangu hayaoni tena waya mwembamba." Akakuna kichwa. "Kama unataka, njoo tufanye wote. Kwa vipuri wewe unanishinda mbali. Nina boksi la seli nyingine mia tatu, sijazipima. Nitakufundisha kuzipima, ni kazi ya kukaa tu na subira. Tutaunda la pili, liwe lako."

Ninyi mnaosoma, nawaambia kweli tupu, kwa kuwa hapa hamnioni usoni. Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilifika kabisa mdomoni. Halafu nikajiona nimekaa kwenye kigoda, Lusekelo mtengeneza pasi amesimama juu yangu ananiambia "siyo hivyo, jirani, hivi", na Mama Salha anatuletea chai, akimpa yeye kwanza.

"Sheria ichukue mkondo wake," nikasema.

Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Niliingia ndani nikakuta mke wangu amesimama dirishani. Alikuwa amesikia yote.

*

Mheshimiwa Waziri alikuja na msafara wa magari ishirini na matatu, ambayo yote yaliachwa yakinguruma muda wote wa sherehe ili madereva wasipate shida ya kuwasha tena. Uwanja wa kata ulifungwa maturubai. Gari la Fundi liliwekwa katikati, limevuliwa makopo.

"Ndugu wananchi!" akaanza Waziri. "Gari hili likiwa la mtu mmoja, linabeba watu wangapi?"

"Kumi na wawili!" akapaza sauti Mama Tumpe.

"Wachache! Likigawiwa, linabeba kata nzima!" Tukapiga makofi. "Serikali yenu sikivu haipingi teknolojia. Inaipenda. Inaipenda kiasi kwamba haiwezi kuona inakaa kwa mtu mmoja huku wengine wanatazama. Je, huo ni uungwana? Leo hii tunakuwa nchi ya kwanza duniani ambayo kila kaya inamiliki betri ya kisasa ya gari!"

Basi seli zikafunguliwa. Kata yetu ina kaya mia nne na kumi na moja. Kila kaya ikaitwa kwa jina, ikapewa seli moja na kupigwa picha. Fundi Lusekelo naye alipanga foleni kama wengine, jina lake likasomwa, akapokea moja kwa mikono miwili, akasema asante. Mimi nilipokea yangu mbele ya kamera, Bwana Mnyampala akanibonyeza koo papo hapo, akatangaza kwenye kipaza sauti: "Hakuna kitu! Ni laini kama la mtoto!" Nikapewa Hati ya Moyo Mweupe, yenye fremu.

Seli moja ilizidi. Waziri akaichukua kwa niaba ya taifa, akaitia mfuko wa suruali, kwenye funguo zake. Fundi akainua mkono haraka.

"Mheshimiwa, samahani, usiiweke pamoja na chu—"

"Maswali baadaye," akasema Waziri, akaendelea kueleza mipango ya miaka kumi ijayo. Alipofika mwaka wa tatu mfuko ulianza kutoa moshi. Redio ya taifa iliripoti kwamba Mheshimiwa aliondoka uwanjani kwa kasi kubwa kuwahi majukumu mengine, na kwamba suruali aliyoiacha itahifadhiwa katika makumbusho.

*

Seli yetu nikaiweka juu ya kabati la vyombo, kwenye kisahani, pembeni ya ile Hati. Nikawa naitazama kila nikila. Koo lilikuwa safi, wali unateremka wenyewe.

Jumamosi Mama Salha akajitwisha ndoo, akapanda Kitonto kwa miguu. Akarudi alasiri, akakaa sakafuni, akanyoosha miguu. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Ya tatu akaniuliza:

"Baba Salha, kile kitu pale juu kinafanya nini?"

"Ni haki yetu ile."

"Najua ni haki yetu. Nauliza inafanya nini?"

Nikamwambia asianze siasa ndani ya nyumba.

Katika siku zile niliona jambo moja la kupendeza, nikalichukulia kuwa ni matunda ya usawa: wanawake wa kata walianza kula chipsi kwa kasi ya ajabu. Kila nikitoka kazini nawakuta pale kona kwa Mama Tumpe. Mmoja anafika, anafungua pindo la kanga, anampa kitu mkononi, anapewa chipsi, anaondoka. Bi Nyamizi alikuwepo. Mke wa Mzee Kiloto alikuwepo. Mke wa Bwana Mnyampala alikwenda mara moja tu, lakini alitazama kushoto na kulia kwanza. Nikamwambia Mama Salha watu wetu wanaanza kunawiri. Akasema ni kweli, wananawiri.

Jumamosi moja, saa mbili asubuhi, nikasikia kokoto.

Nikatoka. Gari limesimama mbele ya nyumba yangu, mlango wa bluu na mlango mweupe, harufu ile ile. Nyuma wamebanana wanawake na ndoo zao na mikungu ya ndizi. Sikuuliza kitu, nikakimbia kwa ndala mpaka ofisi ya kata. Bwana Mnyampala alikuwa anakunywa uji.

"Limefufuka!" nikamwambia. "Lete fomu!"

Akafungua faili taratibu. "Gari la Lusekelo," akasoma. "Lilikwisha gawiwa. Kitu kilichogawiwa hakipo, Bwana Shomvi. Na kisichokuwepo hakilalamikiwi."

"Lipo! Mkeo amekaa kiti cha mbele!"

"Basi naye hayupo," akasema, akafunika faili, akarudi kwenye uji wake.

Nilirudi nahema. Fundi alikuwa ananisubiri mlangoni, kofia mkononi, kwa heshima zote.

"Jirani, shikamoo ya asubuhi haitoshi, najua. Wenzetu wote wamezirudisha, kwa hiari yao. Ya Waziri iliungua. Imebaki yako."

Mia nne na kumi zimerudi, na gari lile, kata nzima, ndizi zote zile, zinasubiri moja iliyo kwenye kisahani changu! Miaka ishirini na nane nimekaa bohari, hakuna aliyewahi kusimama mlangoni kwangu hivi. Nikaingia ndani, nikaichukua, nikatoka nayo nimeifumba kwenye ngumi.

Mama Salha alikuwa amesimama kizingitini, amejifunga kanga mpya, ndoo ya dagaa pembeni.

"Mpe, mume wangu," akasema polepole. "Mpe tu. Nakuomba."

Hakuwa ameniita mume wangu tangu siku ya uzio. Nikamwangalia, nikawaangalia walio garini, wote wametulia wananitazama mimi, na utamu wa kutazamwa ukanipanda kichwani.

"Seli hii," nikasema kwa sauti ya kufika nyuma ya gari, "nilikabidhiwa na serikali mbele ya kamera. Ni mali halali ya kaya hii. Siitoi. Gari na lisimame!"

Fundi akavaa kofia yake.

"Haya, jirani. Ikae."

"Umesikia lakini? Nimesema siitoi."

"Nimesikia. Hakuna ubaya."

"Kwa hiyo mnashuka?"

"Tushuke kwa nini?" Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mteja habari za pasi yake. "Nimezipanga safu safu. Moja ikikosekana, zile za pembeni zinaibebea. Nilikuja kukuuliza tu, nisije nikaonekana nimekuacha."

Mama Salha akainama, akanyanyua ndoo yake. Mikono minne ikanyooshwa kutoka garini kuipokea, mingine ikamvuta yeye, wakasogeleana, nafasi ikapatikana. Hakugeuka. Fundi akashika usukani kwa vidole viwili, na gari likaondoka bila sauti kuelekea Kitonto.

Nikabaki katikati ya barabara. Nilikuwa mtu pekee katika kata nzima mwenye kitu ambacho wenzake hawana. Nikafumbua ngumi, nikainua seli yangu juu ya kichwa, juu kabisa, ili waione vizuri. Wakaingia konani wakiimba, na hakuna hata mmoja aliyenionea wivu.